Kabati Halina Masikio

Kambini, 10 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Baba na Mama shikamoo zao, kisha weka mkasi chini usome, maana habari ni nyingi na wewe ukisoma huku unakata kitambaa unaharibu vyote viwili.

Nimefika salama. Kambi yenyewe ni mabweni ya mbao yaliyozunguka uwanja wa majani, jumba la kulia, na bwawa la kuogelea lenye maji baridi mpaka meno yanagongana. Watoto wanaletwa na wazazi wao kukaa hapa likizo nzima. Wanaogelea, wanapanda kamba, wanaimba, na sisi walezi kazi yetu ni kuhakikisha wanarudi kwao na viungo vyote walivyokuja navyo. Mimi nimepewa bweni la wadogo kabisa. Nimewaita Vifaranga, maana hata nikienda chooni wananifuata.

Hapa kila mtu anaongea lugha ya shule. Namshukuru sana yule mwalimu wetu aliyekuwa akituadhibu kwa kuongea Kiswahili darasani, ingawa wakati ule nilimwombea mabaya.

Tatizo ni moja tu. Kila bweni lina walezi wawili, na mwenzangu katoka nchi nyingine kabisa, si ya hapa wala si yetu. Ni msichana mrefu, nywele fupi, na hasemi! Asubuhi naamka, nasema habari za asubuhi, umeamkaje, umelalaje, yeye anainamisha kichwa tu na kuendelea kufunga viatu. Kichwa, Dada! Kwani mimi ni mlango? Nimempa jina la Kimya. Akiwaita watoto unadhani anamwambia mtu siri. Na mimi nikifungua mdomo ananiangalia kama nimemwaga kitu.

Lakini sitaki aniharibie. Nusu ya mtaa walinisindikiza, na nilimsikia mmoja wao akisema nitarudi kabla nguo sijazifua. Nataka kumaliza msimu huu mpaka siku ya mwisho. Hilo tu.

Mdogo wako,
Tarumbeta


Nyumbani, 19 Juni

Mdogo wangu Tarumbeta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana Baba alitaka kuisikia ukiwemo ndani yake, pamoja na kelele zako zote.

Wapagazi wanakusalimia. Wanasema tangu uondoke kazi ya kuhamisha vyombo imepoa. Juzi walikuwa wanashusha kabati la milango mitatu kutoka ghorofa ya tatu, Baba yuko juu anaita "Haaaya!", wao wanaitikia "Twende!" na kushuka hatua moja, kama kawaida. Katikati ya ngazi sauti ya Baba ikakatika. Mmoja akashuka, mwenzake hajashuka, kabati likamkalia mtu kidole cha mguu. Kidole kipo, ila kimevimba. Baba kasema ungekuwepo ungeidaka ile "Haaaya" kabla haijafika chini.

Kuhusu huyo Kimya, mimi naona ni dharau, sina jina jingine. Mtu anaamka na mwenzake chumba kimoja, hata neno? Mnunie. Akiinamisha kichwa, wewe geuza chako. Baba hakubaliani nami. Kasema, "Mwambie asimnunie, huenda anaumwa koo." Mama kasema ule.

Nina sare za shule za watoto wa mtaa mzima hapa mezani na cherehani inaruka mishono, kwa hiyo naishia hapa.

Dada yako,
Fundi


Kambini, 27 Juni

Dada,

Shikamoo. Hii usimsomee Baba.

Nimeitwa ofisini. Ilikuwa zamu ya bweni letu kufagia chini ya vitanda, na vitanda vyenyewe ni vya chuma, cha juu na cha chini, vizito kweli. Nikawapanga Vifaranga kama Baba anavyopanga watu wake, hawa huku, hawa kule, nikaita, "Haaaya!" Wakaitikia, "Twende!" Jamani, walivyofurahi! Kitanda cha kwanza, cha pili, mpaka wakaanza kugombania zamu. Pengo, yule asiye na meno ya mbele, alicheka hadi machozi yakamtiririka. Kimya alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, kakauka.

Kesho yake Mama Kambi, mkuu wa hapa, akaniita. Kasema kuna malalamiko kwamba nawafokea watoto kwa lugha wasiyoielewa na nawafanyisha kazi ngumu mpaka wanalia. Mimi! Nikaanza kujieleza, na unanijua, nikijieleza sauti inapanda. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mkali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba hili ni onyo. Likija lalamiko la pili, narudishwa nyumbani kwa ndege ya kwanza.

Nani kanisema, sijui. Nadhani ni mlezi wa bweni la wakubwa, yule anayevaa filimbi shingoni hata akienda kuoga.

Tangu siku hiyo nanong'ona. Vifaranga wananiuliza naumwa nini. Sitaki kurudi, Dada. Sitaki kurudi hivi, na mtaa wote wakisema tulijua. Nakuandikia huku nalia na karatasi imeshaanza kulowa.

Tarumbeta


Nyumbani, 5 Julai

Kwa binti anayelala chumba kimoja na mdogo wangu,

Hujambo? Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Jina lako silijui. Mdogo wangu anakuita Kimya, na nakuomba usimwulize kwa nini. Naandika kwa lugha ya shule, ambayo niliiacha hukohuko shuleni, kwa hiyo kamusi iko hapa pembeni na kosa lolote ni la kamusi.

Sijamwambia kwamba nakuandikia. Nataka nikueleze nyumba yetu. Baba yetu ni kiongozi wa wapagazi. Wanabeba makabati, majokofu, mara moja hata piano, kwenye ngazi nyembamba ambazo mtu na mkoba wake hawapishani. Pale, kelele ndizo zinazokuokoa. Anayekupenda anakupigia kelele usije ukakosea hatua. Sisi tumelelewa hivyo. Mama akituita kula, majirani nao wananawa mikono. Kwetu mtu akinyamaza ndipo tunaanza kuogopa.

Sasa kuna mtu kamshitaki mdogo wangu kwa ajili ya sauti yake. Kosa moja tena na anarudishwa. Wewe unaishi naye, unawaona watoto wanavyomng'ang'ania. Nenda kwa Mama Kambi umwambie unachokiona. Mimi niko mbali, ingewezekana kuja kwa miguu ningekuja.

Na jambo la mwisho, asubuhi ukiamka mjibu salamu yake. Neno moja tu linatosha. Anaumia, na wewe hujui.

Dada wa Tarumbeta


Kambini, 13 Julai

Kwa Dada wa Tarumbeta,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za nyuma za jumba la kulia, nikarudia, na ikanipita hata saa ya chakula.

Ni mimi niliyekwenda ofisini.

Wazazi wangu wanafuga nyuki. Mizinga imezunguka nyumba yetu pande zote. Tangu nilipoanza kutembea nilifundishwa kwamba karibu na mizinga hakuna kukimbia na hakuna kupaza sauti, kwa sababu atakayeumwa si wewe peke yako. Asubuhi ndiyo saa ya kuifungua, kwa hiyo nyumbani kwetu asubuhi tunasalimiana kwa kichwa. Kila siku nilipoinamisha kichwa nilikuwa namjibu dada yako mdogo. Nilidhani anajua.

Sauti kubwa nimeisikia mara chache maishani, na kila mara kulikuwa na mtu ameumia au anataka kuumiza. Nilipoona vile vitanda vinanyanyuliwa, na zile kelele, na mtoto machozi mashavuni, niliogopa. Ningemwuliza yule mtoto swali moja tu ningejua. Sikumwuliza. Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikidhani nafanya jambo jema.

Jana nimerudi kwa Mama Kambi nikamweleza. Kanisikiliza, lakini kasema onyo likishatolewa linabaki, na siku ya wazazi imekaribia na wazazi nao wana macho. Akilalamika yeyote, hatakuwa na la kufanya.

Mwenyewe sijamwambia. Naogopa atapaza sauti. Leo nitamwambia.

Kimya
(Sijamwuliza kwa nini. Nimelipenda.)


Kambini, 18 Julai

Dada, wewe!

Shikamoo, japo hustahili. Kumbe mnaandikiana nyuma ya mgongo wangu!

Alinifuata kando ya bwawa nikianika taulo, akaniambia yote kwa mara moja. Nilifoka. Nilifoka mpaka wapishi wakatoka jikoni na miiko mkononi. Nilimwambia kwamba nimenong'ona wiki mbili nzima kama mwizi kwa ajili yake, kwamba watoto wangu mwenyewe walinidhania mgonjwa. Yeye kasimama palepale, hakukimbia. Nilipoishiwa pumzi akauliza, "Umemaliza?" Nikamwambia bado. Nikaendelea kidogo. Kisha nikamaliza.

Akasema, "Nisamehe." Basi, hakuongeza kitu. Kwetu mtu akiomba msamaha anakuja na visingizio vitatu na shahidi mmoja! Nikajikuta nacheka, na yeye alipoona nacheka akakaa chini kwenye taulo zangu mbichi akalia. Nikakaa naye. Nimemwambia kuhusu ngazi, kanieleza kuhusu mizinga. Nimemsamehe, na wewe nimekusamehe.

Asubuhi iliyofuata nafumbua macho, mtu kasimama kando ya kitanda, anajaribu Kiswahili chetu. "Umeamkaje? Umelalaje? Nyumbani hawajambo? Baba hajambo? Na yule mwenye kidole?" Kote alikokosea sikumsahihisha. Nikamwinamishia kichwa.

Sasa sikia. Siku ya wazazi bweni la wadogo huvutana kamba na bweni la wakubwa. Wadogo ni wengi zaidi, kwa hiyo uzito haupishani sana, lakini hawajawahi kushinda. Watu huja kuwacheka, wanapiga picha, basi. Mimi nikasema mwaka huu hapana. Nikawafundisha kuvuta kwa pamoja, Haaaya, Twende, kama wapagazi. Wanaitikia vizuri, Baba angetoa machozi. Tukajaribu na wakubwa. Tukaburutwa. Tukajaribu tena, tukaburutwa tena, Kifaranga mmoja akapoteza kiatu.

Nilikaa kwenye majani nimekasirika. Kimya akaja akakaa, akasema, "Unaita vizuri sana. Ndiyo maana tunashindwa."

"Unaongea nini wewe?"

"Kabati halina masikio. Wale wanayo. Ukisema Haaaya, wanajikaza kabla watoto wetu hawajavuta."

Dada, mwulize Baba kama aliwahi kuliwaza hilo. Mimi sijawahi. Tangu nizaliwe naita mizigo, na mzigo haujawahi kunisikiliza!

Nikamwambia basi, siku hiyo ninyamaze, tena afadhali, wazazi watakuwepo na onyo langu bado bichi. Akatikisa kichwa. Kasema siku hiyo ndiyo nipige kelele kuliko siku zote. Mpango wenyewe siuandiki hapa, maana barua zetu sasa zina wasomaji wengi.

Tarumbeta


Nyumbani, 27 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole, na hongera. Najua nilivuka mpaka. Ningevuka tena.

Ilibidi nimsomee Baba yote, tangu ile barua niliyomficha. Alinuna dakika mbili kwa kufichwa, kisha tulipofika kwenye kabati na masikio akaomba nirudie. Nikarudia. Akatoka nje akawaita wapagazi, nikasoma mara ya tatu mlangoni. Yule mwenye kidole alicheka mpaka akakanyaga kidole.

Lakini mimi silali vizuri. Nakuomba, siku hiyo nyamaza. Kamba ni mchezo, kazi si mchezo. Mzazi mmoja tu asiyekujua akisikia hiyo sauti yako, umekwisha. Uvutwe, upigwe picha, ucheke, umalize msimu wako. Si ndicho ulichokitaka?

Baba kaninyang'anya kalamu hapa, na mwandiko wake unaujua:

MWANANGU ITA.

Usimsikilize. Au msikilize. Mimi sijui tena, amua mwenyewe.

Dada yako,
Fundi


Kambini, 6 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii isome kwa sauti, na wapagazi wawepo.

Leo wazazi wamejaa uwanja mzima na viti vyao vya kukunja. Tunavuta mara tatu, atakayeshinda mbili kashinda. Walezi hawagusi kamba. Mara ya kwanza nikaita kwa ukweli, "Haaaya!" "Twende!" na tukaburutwa kama siku zote. Wazazi wakapiga makofi ya huruma. Mlezi wa filimbi akanikonyeza. Hiyo tuliipanga, Dada! Kimya alisema wakubwa waachwe kwanza wayaamini masikio yao.

Mara ya pili nikasogea karibu kabisa na wakubwa, nikapaza yote niliyonayo. "Haaaya!" Wakubwa wakajikaza, shingo zikatoka mishipa. Vifaranga wakaitikia "Twende!" kwa nguvu zao zote, na hawakuvuta! Wamelala nyuma tu, visigino vimechimba chini. "Haaaya!" Wakubwa wakajikaza tena. Nikaita tena, na tena. Upande wa pili kasimama Kimya na kofia yake kichwani, hasemi, hata kope hazichezi, na Vifaranga wote wanamwangalia yeye. Wakubwa walipolegea kidogo kuvuta pumzi, akavua kofia. Vifaranga wakavuta wote pamoja bila neno. Nakuapia hata mimi nilishtuka! Wakubwa walitembea, walitembea wenyewe kuja kwetu, hawajui miguu inawapeleka wapi. Uwanja ukalipuka.

Ya tatu ilikuwa vita. Filimbi kashajua, anawapigia kelele wenzake wasinisikilize, lakini kutosikiliza sauti hii ni kazi. Nikawapigia za kweli na za uongo, nikachanganya, nikaimba, mpaka mwenyewe nikapotea. Kamba ikaenda kwao, ikarudi. Pengo aliteleza akavutwa kwa tumbo na hakuachia. Nikaona watoto wanachoka, nikataka kulia, na nikaita hivyohivyo. Kofia ikavuliwa. Dada, wakubwa walianguka kifudifudi, wa kwanza, wa pili, wote, na kamba ikabaki kwetu. Tumeshinda! Wadogo wameshinda! Vifaranga walinirukia nikaanguka chini nao wakakaa juu yangu.

Nilipoinuka, Mama Kambi alikuwa mbele yangu, na pembeni yake baba wa mtoto mmoja wa wakubwa, mwenye miwani ya jua. Bwana yule anasema mchana kutwa nimekuwa nikiwakemea watoto kwa maneno asiyoyajua, eti mwanawe kashindwa kwa kutishwa, na mlezi wa namna hii hafai kukaa na watoto.

Lalamiko la pili hilo. Mama Kambi hakuwa na furaha, namwonea huruma hata yeye. Nilifungua mdomo nijieleze, nikakumbuka nilivyojieleza ofisini, nikaufunga. Nikawaza sanduku langu liko wapi.

Mama Kambi akamgeukia Kimya. "Lalamiko la kwanza lilikuwa lako. Hili unasemaje?"

Watu wote wakasogea, maana wanamjua, ukisimama mbali humsikii. Kimya akanishika kiganja, akavuta pumzi, na Dada, hata kwenye ngazi zetu sijawahi kuisikia sauti kama ile.

"ANABAKI!"

Bwana wa miwani alirudi nyuma hatua nzima.

"ANABAKI! Nilikosea mimi! Nilimsema bila kumjua! Anawapenda watoto hawa kuliko sisi wote hapa, na akiondoka yeye naondoka naye! ANABAKI!"

Sauti ilimpasuka katikati, ikawa mbaya, sauti ya mtu asiyejua kupiga kelele. Vifaranga wakaidaka palepale. "Anabaki! Anabaki!" Wanaruka, viganja vyekundu kwa kamba. Na wakubwa, wale waliotoka kuanguka na majani bado mdomoni, wakaanza nao. Mtoto wa yule bwana ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kapanda juu ya kiti. Baba yake akamwangalia mwanawe, akavua miwani, akaifuta kwa shati, na hakusema tena.

Mama Kambi alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili. "Nimesikia!" alisema. "Jamani, nimesikia, anabaki!"

Sasa tumekaa ukingoni mwa kitanda changu, Kimya na mimi, na sauti zimetukauka wote wawili. Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole, na mimi naonyesha kwa kidole, na kila tukiangaliana tunacheka bila kutoa mlio. Nimejaribu kumwambia asante, koo limegoma. Akainamisha kichwa, na mimi nikainamisha changu. Nimelia, Dada, nimelia kwa furaha mbele ya Vifaranga wote na sijali.

Waambie Baba, Mama na mtaa mzima. Nabaki mpaka siku ya mwisho.

Mdogo wako,
Tarumbeta